Spana Namba Kumi na Tisa

Mfuko wa turubai tuliufungua kabla sanduku halijafungwa.
Ndani: Biblia iliyobanwa kwa mpira wa baiskeli,
vipande vya ngozi ya kuzibia pampu,
kipande cha sabuni ya mche,
risiti ya ada yangu ya kidato cha pili,
na spana namba kumi na tisa,
mpini wake umeng'azwa na kiganja cha mtu mmoja.

Baba, Hezroni Chidawali wa Manchali,
mwana wa mfugaji aliyekunyima ng'ombe
kwa kosa la kubatizwa,
miaka thelathini na mmoja uliilinda pampu ya kijiji.
Mwaka wa kwanza waliahidi posho.
Mwaka wa pili wakaahidi tena.
Wa tatu ukaacha kuuliza, ukasema
kiu haisubiri kikao.

Alfajiri za Julai, upepo ukichapa mabati,
vumbi limetuingia mpaka kwenye meno,
wewe ulikwisha kupiga magoti kando ya kitanda cha kamba
ukitutaja mmoja mmoja,
Ndahani, Nehemia, Mbeleje, mimi,
na yule aliyekufa kabla ya kupewa jina:
"Na yule mdogo, Bwana, unamjua."
Kisha baiskeli.
Kisha mlio wa mnyororo ukififia kuelekea bondeni.

Jumapili ulisoma somo la kwanza.
Kidole chako kiliacha grisi pembeni mwa Zaburi;
ukafuta kwa leso, ukapachafua zaidi.

Sitasema ulikuwa malaika.
Siku ya mahafali yangu nilitazama lango la shule
mpaka jua likageuka.
Kiti chako kilikaliwa na pochi ya Mama.
Ulifika saa moja usiku, shati limelowa,
mkononi zabibu ndani ya gazeti, zimepondeka.
"Vali ilipasuka, mwanangu. Foleni ilikuwa ndoo mia."
Sikuzila.
Nilizichukia zile ndoo
kama mwana amchukiavyo mke mwenza wa mama yake.

Lakini Mama alipopooza upande,
ni wewe uliyejifunza kusonga ugali wa uwele,
kupika mlenda usiokatika,
kumsuka nywele kwa vidole vile vya chuma,
mistari ikaenda kombo kama njia ya mbuzi;
naye akajitazama kiooni muda mrefu,
akasema, "Nimependeza."

Basi wazee wa kanisa walitaka spana iende nawe,
ilale kifuani, juu ya suti ya harusi.
Mama akainua mkono wake mmoja mzima:
"Huko mto wapita bure.
Mwacheni mikono yake ipumzike."
Watu wakacheka huku kamasi zikiwatoka.

Saa tisa, udongo wa kaburi ungali mbichi,
pampu ikakohoa, ikanyamaza.
Wageni mia tatu. Masufuria yako motoni.
Ndahani alikuwa na suti ya kuazima,
Nehemia anajua historia, hajui nati,
na Mbeleje alikuwa amemshikilia Mama.
Mimi ndiye niliyewahi kukushikia tochi.

Nikapiga magoti kwenye tope, na gauni langu jeusi.
Nati ikakataa, ikakataa, ikakubali.
Nikabadili ngozi, nikaanza kukaza kwa hasira zangu zote,
na hapo nikakusikia, kama zamani, nyuma ya sikio:
"Robo tu. Usizidishe. Chuma nacho huchoka."
Nikaachia.

Maji yalitoka na kutu, kisha meupe.
Sikuondoka. Nilishika mpini nikajaza,
na kila ndoo iliyopita niliihesabu kwa sauti ndogo.
Siku ile uliniambia mia.
Mimi nilifika mia na kumi na mbili, Baba,
giza limeingia, mabega yanawaka,
na bado alikuwepo mtoto mmoja
amesimama na kidumu chake cha njano.